Je, Wajua? Soda Yako Inatoka Chini ya Mlima

Sogea kidogo, waitu, tukae vizuri hapa kwenye benchi. Leo habari ni za hewa ukaa, haidrojeni safi, na kampuni ndogo zinazotafuta pesa humo. Shika kikombe chako cha kahawa vizuri kisimwagike!

Je, wajua kuwa Tanzania inachimba hewa ukaa ardhini kama inavyochimba maji? Kule kijiji cha Ikama, wilayani Rungwe, karibu na volkano ya Kyejo, gesi hiyo hupanda yenyewe kutoka tumboni mwa dunia. Hunaswa, husafishwa, hukandamizwa hadi iwe kimiminika, kisha hupakiwa kwenye matangi na kusafirishwa.

Inakwenda wapi? Kwenye viwanda vya soda na bia, ndugu yangu! Ule mchomo puani ukifungua chupa pale Nkwenda, Kyerwa, ni hewa ukaa, na huenda ililala chini ya milima ya Mbeya kwa miaka isiyohesabika kabla hujaigeuza kuwa mbweu.

Na mwenye mtambo huo je? Ni TOL Gases, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1950 na ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la Tanzania Oxygen. Sasa sikia hili: Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara tarehe 15 Aprili 1998, kampuni iliyouzwa siku hiyo ya kwanza ilikuwa moja tu, na ilikuwa hii hii. Si benki, si kiwanda cha bia. Soko letu la hisa lilifunguliwa na kampuni ya gesi!

Kwa hiyo mtu akikuambia kuwekeza kwenye kaboni ni jambo la Wazungu lililoanza juzi, mtajie tarehe hiyo. Hata TBL walikuja baadaye, Septemba ya mwaka huo huo.

Kenya nao wanayo yao. Carbacid ilianzishwa 1961, na hisa zake zimekuwa sokoni Nairobi tangu 1972. Visima vyake viko katika msitu wa Kereita, Kiambu, na kinachotoka humo si maji wala mafuta, ni hewa ukaa.

Sasa geuka utazame magharibi. Je, wajua kuwa Ziwa Kivu, pale Rwanda na Kongo, limeyeyusha ndani yake takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na nyingine 60 za methani? Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuchoma methani hiyo kuchemshia mitambo yake mwaka 1963. Tangu 2016 mtambo wa KivuWatt unaivuta gesi hiyo kutoka kilindini na kuzalisha megawati 26 za umeme. Ziwa linawasha taa!

Je, umewahi kuinama juu ya mtumbwi wa pombe ya rubisi siku ya pili, ukasikia ile sauti ya povu linalochemka bila moto? Povu hilo ni hewa ukaa tupu. Kwa kila kilo 1 ya kilevi kinachotengenezwa humo, karibu kilo 1 nzima ya hewa ukaa hutoka na kupotelea angani. Karibu sawa kwa sawa!

Sasa shangaa: kuna kampuni iliyoamua kuifanya safari hiyo kinyumenyume. LanzaTech ilianza New Zealand mwaka 2005. Inachukua moshi wa viwanda vya chuma, inavilisha vijidudu, na vijidudu vinatoa kilevi cha kutengenezea mafuta na plastiki. Moshi unaingia, kilevi kinatoka. Kiwanda chake cha kwanza cha kibiashara kilianza China mwaka 2018, kando ya kiwanda cha chuma.

Na vijidudu hivyo walivipata wapi? Aina yake iligunduliwa kwenye mavi ya sungura! Ndiyo, sungura. Kampuni iliyoanza hivyo ikaingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2023.

Wewe mwenye kahawa shambani, hii ni yako. Hewa ukaa ikikandamizwa kwa nguvu na kupashwa moto kiasi, inakuwa na tabia ya gesi na ya maji kwa wakati mmoja, na katika hali hiyo inanyonya kafeini kutoka kwenye buni na kuacha ladha mahali pake. Mkemia Mjerumani Kurt Zosel aligundua njia hiyo mwaka 1967. Mtu anayekunywa kahawa isiyomnyima usingizi huenda amefanyiwa kazi na gesi ile ile ya soda.

Haya, haidrojeni sasa. Je, wajua kuwa takriban robo tatu ya uzito wa vitu vyote vya kawaida ulimwenguni, nyota zote zikiwemo, ni haidrojeni? Ndiyo gesi nyepesi kuliko zote. Kilo 1 tu inajaza chumba cha mita 2 kwa mita 2 kwenda juu mita 3.

Mwaka 1783 Mfaransa Jacques Charles alijaza puto kwa haidrojeni na kulirusha kutoka Paris. Likatua kijiji cha Gonesse. Wanakijiji walidhani ni dude la ajabu, wakalivamia kwa uma za kuchotea nyasi! Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi ya kwanza ya haidrojeni kijijini.

Kilo 1 ya haidrojeni ina nguvu ya zaidi ya lita 3 za dizeli. Ukiichoma, moshi wake ni mvuke wa maji. Hakuna masizi, hakuna hewa ukaa.

Na inatengenezwa na nini? Maji! Chukua lita 9 za maji, pitisha umeme, yapasuke. Unapata kilo 1 ya haidrojeni na, juu ya hapo, kilo 8 za oksijeni. Hebu fikiria hospitali ya wilaya inayonunua mitungi ya oksijeni: hapa oksijeni ni mabaki ya kazi.

Lakini umeme unaohitajika si mchezo. Kilo 1 hula kama uniti 50 hadi 55. Wewe unayenunua LUKU unaelewa uzito wa namba hiyo. Ndiyo maana siri ya haidrojeni safi yote iko kwenye umeme: uwe rahisi, uwe mwingi, na usitokane na makaa ya mawe.

Basi tuhesabu pamoja. Pale Murongo, Kyerwa, ng'ambo ya Kikagati ya Uganda, Mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 14 tangu 2022, na umeme wake Tanzania na Uganda wanagawana nusu kwa nusu. Chukua nusu yetu, megawati 7, mitambo ikizunguka kwa nguvu yote mchana na usiku. Inatosha kutengeneza zaidi ya tani 3 za haidrojeni kila siku! Hakuna anayefanya hivyo Murongo, na umeme huo una kazi nyingine nyumbani na vinuni. Namba yenyewe tu ndiyo inayonipa raha.

Juu zaidi ya mto, Rusumo, kuna megawati 80 nyingine za kugawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Mto mmoja, nchi nne, na bado unakwenda zake ziwani.

Na haidrojeni hiyo ungeifanyia nini kule Kamuli, Kyerwa? Usifikirie magari. Fikiria mbolea! Haidrojeni ikikutanishwa na nitrojeni ya hewani inakuwa amonia, na kwenye amonia ndiko zinakotoka urea, CAN na ndugu zao wote wa kwenye mifuko ya kilo 50. Tani 1 ya amonia inahitaji kama kilo 178 tu za haidrojeni.

Sasa sogea karibu zaidi. Je, wajua kuwa mtambo wa kwanza wa kutengeneza amonia kwa haidrojeni safi, kwa ukubwa mdogo wa kibiashara, uko hapa kwetu Afrika Mashariki? Uko karibu na Naivasha, kwenye shamba la kampuni ya Kenya Nut, tangu 2023. Umejengwa na kampuni changa ya Talus, unatumia jua, maji na hewa, na umeundwa kutoa tani 1 ya amonia kwa siku.

Tani 1 tu! Viwanda vikubwa duniani hutoa maelfu ya tani kwa siku. Lakini mbolea ya mbali inapanda meli, inashuka bandarini, inapanda lori, na kila hatua mtu anachukua chake. Ya Naivasha inatengenezwa shambani inakotumika. Mimi naiona akili kubwa hapo, kwa sababu mkulima wa bara ndiye anayelipia barabara kuliko mtu yeyote.

Rudi Murongo kidogo: ile haidrojeni ya megawati 7 ingetosha mitambo 17 kama huo wa Naivasha. Nimeipiga hesabu mara mbili, nayo imesimama pale pale.

Unadhani mambo haya ni mageni Afrika? Misri walikuwa wakipasua maji ya Mto Nile kwa umeme wa bwawa la Aswan ili kutengeneza mbolea tangu miaka ya 1960. Zimbabwe nao, kiwanda cha Sable Chemicals cha Kwekwe kilifanya hivyo kwa miaka takriban 40, hadi 2015. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiiita haidrojeni ya kijani. Waliiita kazi.

Tuje kwenye kunasa hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani. Ugumu wake? Katika kila chembe 10,000 za hewa unayovuta, za hewa ukaa ni kama 4 tu! Kuzichambua hizo 4 na kuziacha 9,996 ziende zake ndiyo kazi yenyewe.

Na kazi hiyo inafanywa na vijana wa Nairobi. Octavia Carbon ilianzishwa 2022, na mradi wake unaoitwa Hummingbird uko Gilgil, kwenye Bonde la Ufa. Mashine zake za kunasia hula joto kuliko umeme, na Bonde la Ufa limejaa joto la bure linalofuka kutoka ardhini. Kenya imekuwa ikilitumia joto hilo kuzalisha umeme Olkaria tangu 1981, kabla ya nchi nyingine zote za Afrika kulitumia hivyo kwa kiwango kikubwa.

Wawekezaji je, walikuja? Walikuja! Mwaka 2024 Octavia ilitangaza kupata dola milioni 5. Sehemu yake, dola milioni 1.1, haikuwa ya kununua hisa. Ilikuwa malipo ya awali ya hewa ukaa ambayo bado haijanaswa. Mteja analipia kitu ambacho kwa sasa kinaelea juu ya kichwa chake!

Ikishanaswa inawekwa wapi? Ndani ya mwamba. Huko Iceland, mradi wa Carbfix uliichanganya hewa ukaa na maji ukaisukuma kwenye mawe meusi ya volkano, aina ya basalti. Wengi walitarajia itachukua mamia ya miaka kugeuka jiwe. Zaidi ya asilimia 95 iligeuka chini ya miaka 2! Bonde la Ufa lina basalti ya aina hiyo tele, ndiyo maana Gilgil haikuchaguliwa kwa bahati.

Na ndugu zetu wa Oman je, wanaozungumza Kiswahili mpaka leo Maskati? Milima yao ya Hajar ina mwamba uitwao peridotiti, ambao kwa kawaida hukaa kilomita nyingi chini ya ardhi, lakini pale umesukumwa hadi juu. Mwamba huo hula hewa ukaa wenyewe. Talal Hasan alianzisha kampuni mwaka 2020 ya kuuharakisha mlo huo, na mwaka 2022 ikashinda tuzo ya Earthshot, pauni milioni 1.

Jina la kampuni hiyo ni namba tupu: 44.01. Ndio uzito wa molekuli ya hewa ukaa.

Kumbuka hiyo 44, tunaihitaji sasa hivi. Kaboni tupu ina uzito wa 12. Maana yake, ukifukia kilo 12 za kaboni shambani, umezuia kilo 44 za hewa ukaa zisirudi angani. Zaidi ya mara tatu na nusu! Ndiyo hesabu inayowaleta wawekezaji kwenye mkaa wa kurutubisha udongo, ule wanaouita bayocha.

Mwea, Kenya, kampuni ya Safi Organics inachukua maganda ya mpunga, inayageuza kuwa mkaa, na mkaa unakuwa mbolea ya wakulima wale wale walioleta maganda. Mmoja wa watu waliofanya kazi hiyo, Kevin Kung, alikwenda kuanzisha na mwenzake kampuni iitwayo Takachar, na mwaka 2021 nao wakachukua Earthshot. Maganda ya mpunga! Sisi tuna maganda ya kahawa yanayorundikana nyuma ya kila kinu cha kukoboa.

Na sasa shikilia benchi, kwa sababu hili ni la nyumbani kabisa. Karagwe imeandikwa kwenye majarida ya sayansi ya udongo kwa sababu ya mkaa na... choo! Shirika la MAVUNO, pamoja na CHEMA na watafiti kutoka Berlin, walijaribu vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo. Kinyesi kilipashwa moto kwenye tanuri la udongo mpaka vijidudu vya maradhi vikafa, kisha kikachanganywa na unga wa mkaa na majani kutengeneza mboji.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Udongo wetu ni wa asili ya volkano, na una tabia ya kuifungia fosforasi ndani usiigawie mimea. Mboji ile ya mkaa iliufungua. Mahindi yake yalizaa mara kadhaa ya yale ya kipande kisichotiwa kitu, na yakaipita hata mboji ya kawaida na lile tope la baiogesi. Shamba la Karagwe, mahindi ya Karagwe. Tuna haki ya kujivuna.

Miti nayo isisahaulike. Huku huku Karagwe na Kyerwa, mradi wa Emiti Nibwo Bulora wa shirika la Vi Agroforestry umewafanya wakulima wadogo wauze hewa ukaa inayonyonywa na miti yao, cheti 1 kwa tani 1. Mtu anapanda mgrevilea mpakani mwa shamba, na mnunuzi wa Ulaya analipia pumzi ya mti huo. Na tani 1 ya hewa ukaa ni kubwa kiasi gani? Ni boksi la mita 8 na ushei kila upande, refu kuliko nyumba nyingi za Kayanga!

Je, wajua kuwa teknolojia ya kaboni mkoani Kagera ina umri wa karibu miaka 2,000? Hii nitakusimulia polepole. Miaka ya 1970, mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wakikumbuka uhunzi wa kale wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma. Wakajenga kwa udongo wa kichuguu na takataka za chuma za zamani. Shimo la chini wakalijaza majani ya bwawani yaliyochomwa yakawa kaboni tupu. Kewa, yaani mabomba ya mivukuto, wakaziingiza ndani sana, mpaka hewa ya mivukuto ikapata joto kabla haijafika kwenye moto.

Hapo ndipo wataalamu waliposhika vichwa. Hewa iliyopashwa moto kabla ya kuingia tanurini ni mbinu ambayo Ulaya iliisajili kama uvumbuzi mpya katika karne ya 19! Schmidt na mwenzake Donald Avery waliitangaza habari hiyo mwaka 1978 kwenye jarida la Science, pamoja na mabaki ya matanuri ya kale yaliyofukuliwa upande wa Bukoba. Na msafiri Mwingereza Speke alipofika Bweranyange, Karagwe, mwaka 1861, alimkuta mfalme Rumanyika, mwenye ufalme ambao heshima yake ilikaa kwenye chuma.

Kwa nini nakusimulia chuma kwenye habari za haidrojeni? Kwa sababu kazi ya mkaa tanurini ni kuinyang'anya oksijeni kwenye mawe ya chuma, na haidrojeni inaweza kuifanya kazi hiyo hiyo. Namibia, kampuni ya HyIron ilianza mwaka 2025 kutengeneza chuma kwa haidrojeni ya jua la jangwani. Pale mkaa ulipotoa hewa ukaa, haidrojeni inatoa maji!

Kuna na haidrojeni inayochimbwa, ulijua? Mwaka 1987, kijiji cha Bourakébougou nchini Mali, watu walichimba kisima cha maji, maji hayakutoka, ukatoka upepo. Mchimbaji mmoja akainama kuchungulia, sigara mdomoni. Kisima kikalipuka! Kikazibwa kwa zaidi ya miaka 20. Kilipopimwa baadaye, gesi yake ilikuwa haidrojeni kwa asilimia 98, na kijiji kikaja kuwashiwa taa kwa gesi hiyo.

Tanzania je? Kampuni ndogo ya Helium One, ambayo hisa zake zinauzwa London tangu Desemba 2020, inatafuta heliamu upande wa Bonde la Rukwa. Mwaka 2024, kisima chake cha Itumbula kilileta juu gesi yenye heliamu asilimia 4.7. Na pembeni yake? Haidrojeni, asilimia 2.2, bila kualikwa!

Sasa pesa, maana najua unaingoja. Hisa za kampuni changa za haidrojeni hupanda na kushuka hadi kichwa kiume. Plug Power ya Marekani ilianzishwa 1997. Mwaka 2013 hisa yake moja ilishuka chini ya senti 20 za dola. Januari 2021 ikapita dola 70! Mei 2025 ikarudi chini ya dola 1. Hisa ile ile, kampuni ile ile.

Na Nikola? Hii ni ya kukalia macho. Kampuni hiyo ya malori ya haidrojeni, mwezi Juni 2020, ilithaminiwa kuliko Ford kwa muda mfupi, ilhali haikuwa imeuza lori hata moja. Video yake moja ilionyesha lori likikimbia barabarani vizuri kabisa. Baadaye kampuni yenyewe ikakiri: lori halikuwa likijiendesha, lilikuwa likiteremka mlima! Februari 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Kwa hiyo ukiletewa kampuni yoyote ya hewa safi, uliza maswali ya mnunuzi wa ng'ombe. Mtambo uko wapi, nikauone? Unatoa tani ngapi leo, si mwaka ujao? Nani ameshalipa? TOL unaweza kuonyeshwa tangi likiondoka Ikama. Kwa hisa za sokoni hapa nchini, dalali halali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na usione haya kumwambia akuonyeshe.

Je, Watanzania wana pesa za kuweka kwenye mambo ya kijani? Hapo utacheka kwa furaha. Mwaka 2023 benki ya CRDB ilitoa hatifungani yake ya Kijani ikitafuta shilingi bilioni 40. Watu wakaleta bilioni 171.8! Zaidi ya mara nne.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ikafuata. Ilitafuta bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na ikazipata zote na chenji juu. Mamlaka ya maji ya mkoa, kwenye soko la hisa! Hatifungani si hisa, unajua. Riba imeandikwa mapema, na presha yako inakaa pale pale.

Wewe mkulima wa Karagwe, huenda ni mwekezaji na hujijui. Kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA pale Bukoba kina vyama vikuu vya ushirika miongoni mwa wenye hisa, KCU na KDCU wakiwemo. Debe lako la kahawa ya maganda lilipopita kwenye chama, lilikuwa linaelekea kwenye kampuni ambayo chama chako kina kiti mezani. Siku kiwanda kama hicho kikitaka kugeuza makapi yake kuwa mkaa wa shambani, wenye sauti ni nyinyi.

La mwisho, kisha kunywa kahawa yako kabla haijapoa kabisa. Mji wa Shikaoi, kisiwa cha Hokkaido huko Japani, una kituo kinachotengeneza haidrojeni kwa mavi ya ng'ombe! Samadi inakuwa baiogesi, baiogesi inatolewa haidrojeni, na magari yanajazwa hapo hapo. Na mji wa Taiki, katika kisiwa hicho hicho, kampuni changa ya Interstellar Technologies ilichukua methani ya samadi ikaipoza hadi ikawa kimiminika, na Desemba 2023 ikawasha nayo injini ya roketi. Iliwaka sekunde 10, kwa ulimi wa moto wa buluu!